Siku Mbwa Aliposhusha Mkia

Kaeni vizuri niwahadithie. Mwenye kupukuchua mahindi na aendelee, masikio hayana kazi nyingine. Na atakayenikatiza kuuliza kama mambo haya yalitokea kweli, nitamtuma kisimani na hadithi itaisha hajarudi.

Kulikuwa na wakati ambapo mbwa hakujua aibu. Mkia wake ulikaa juu tangu alipoamka mpaka alipolala, masikio yalikaa wima, na macho yake alimkazia mtu yeyote, hata mtu aliyetoka kuibiwa nyama na mbwa huyohuyo. Aliiba, akarudi palepale alipoiba, akakaa kumtazama mwenye chungu kama mtu aliyekuja kudai kilichobaki. Watu walimpenda kwa sababu alilinda mifugo, lakini uso wake mkavu uliwachosha.

Wakati huo, huko milimani, kulikuwa na kijiji kilichoitwa Kighonda. Nyumba zake zilipangana kando ya njia moja tu, kuanzia kijitoni bondeni mpaka juu kabisa msitu ulipoanzia. Watu wa Kighonda hawakumfundisha mbwa kwa fimbo wala kwa mfupa. Walikuwa na desturi waliyoiita kumpitisha mbwa. Mtoto wa mbwa alipoacha kunyonya, alikabidhiwa mtoto mmoja wa nyumba, na huyo ndiye aliyempitisha mlango kwa mlango kijiji kizima. Kwenye kila mlango mtoto alipiga magoti akainama mpaka paji la uso likagusa ardhi, na mbwa akafundishwa kuinama kando yake. Kisha mwenye nyumba alitoa alivyo navyo, mbuzi, ndama, kibuyu cha maziwa, hata mtoto mchanga, mbwa akanusa huku mtoto akimwambia, "Hiki kina mwenyewe." Walirudia hivyo siku baada ya siku, mpaka mbwa akawa anainama mlangoni bila kuambiwa. Alichofanya mtoto, mbwa alikifuata.

Desturi hiyo ilikuwa na upande wake mkali. Mbwa ambaye hajapitishwa akiharibu kitu, kosa lilikuwa la aliyemlea, na nyumba yake iliomba radhi mbele ya watu wote. Lakini mbwa aliyepitishwa kila mlango kisha akaua mfugo wa jirani, huyo walisema hafundishiki. Walimpeleka msituni wakamfunga kwenye mti na kurudi nyumbani. Chui walifanya yaliyobaki.

Basi palikuwa na msichana, Nakijwa, binti wa Senkondo. Senkondo alikuwa mtu ambaye neno lake lilitosha. Watu wakigombania mpaka wa shamba, ndiye aliyeitwa, naye akisema jiwe lilikuwa hapa, walichukua majembe yao wakaondoka. Nakijwa akakabidhiwa mtoto wa mbwa, mweusi mwenye kifua cheupe, akamwita Pilika. Jina lilimkaa. Alitafuna kamba za kitanda, alijisaidia kwenye ungo, alifukua viazi vilivyopandwa jana yake, na akifukuzwa alidhani ni mchezo mwingine mpya. Nakijwa alicheka mpaka akashika mbavu. Kumlisha alikumbuka akikumbushwa, kumfunga alisahau kabisa. Kucheza naye ndiko hakusahau hata siku moja.

Mwaka huo kideri kilikuwa kimepita. Kuku walikwisha kijiji kizima kabla Pilika hajazaliwa, akabaki mmoja tu, kuku wa kishingo wa Bibi Nangasu, mjane aliyekaa nyumba ya mwisho kule juu, karibu na msitu. Bibi aliazima jogoo kwa ndugu zake wa mlima wa pili, akamrudisha kwenye tenga kichwani, na sasa kuku wake alikuwa anaatamia. Kila nyumba ilikuwa imeahidiwa kifaranga. Wanawake walipanda kilima kwa zamu kumpelekea mtama, na walipofika mlangoni walinong'ona wasimshtue.

Nakijwa alimpitisha Pilika vizuri tu, tusimwonee. Kwenye kila mlango aliinama, na kale kambwa kakainama naye, mkia juu, kakijikaza kasicheze. Tatizo lilikuwa mlango wa Bibi Nangasu. Siku ya kwanza walipofika pale, kabla hawajapiga magoti, Pilika alichomoa mwiko kwenye chungu cha uji akatimua nao mbio kuteremka kijiji kizima. Bibi akatoka nje. Alikuwa na sauti bibi yule, na siku hiyo ilifika mpaka kijitoni.

"Nani kampa mtoto huyu mbwa?" alisema. "Miguu yenyewe hajui kunawa, atamfunza nani?"

Watu walicheka, na wenzake Nakijwa ndio waliocheka kuliko wote. Alihisi uso unamwaka. Akaufuata mwiko kule chini, akaurudisha kwenye kizingiti bila kuinua macho, akateremka na mbwa wake. Alijiambia kesho atarudi. Kesho ilipofika akasema kesho. Kila siku alipanda mpaka nyumba ya kabla ya mwisho, akasimama, akautazama mlango ule, akageuka. Hapo hata mimi namwelewa, maana kuchekwa kunauma. Ila ndani ya mlango ule ndimo alimokuwa kuku wa pekee wa Kighonda, na Pilika hakuwa amewahi kuona kuku.

Baba yake akamuuliza, "Mmemaliza milango?"

"Tumemaliza, baba."

"Hata kwa Bibi Nangasu?"

"Hata kwake."

Senkondo alifurahi. Aliwatangazia wanaume wenzake kwamba mbwa wa nyumba yake amepita kila mlango, na wala hakuna aliyetia shaka.

Siku chache baadaye Pilika aliachwa bila kufungwa, kama kawaida. Akapanda kilima peke yake. Alikuta mlango wa Bibi uko wazi, na pembeni kwenye majani makavu kitu cha manyoya kinachopumua na kumtolea macho. Hakuwa na njaa. Alitaka kucheza tu, akakirusha, kikapiga kelele, akakirusha tena mpaka kikanyamaza. Mayai yalivunjika chini ya miguu yake. Kisha akambeba kuku mdomoni, akateremka naye kupita milango yote, akamlaza miguuni pa Nakijwa uani kwao. Mkia ulikuwa juu. Alisubiri asifiwe.

Kijiji kilikusanyika pale uani. Wanawake walimtazama yule kuku kama wanavyotazama shamba lililoliwa na nyani. Bibi Nangasu aliteremka mwisho, maganda ya mayai ameyakunja kwenye pindo la nguo yake. Pilika akamwendea kwa furaha, akamkazia macho, akatingisha mkia.

"Mtazameni," mtu mmoja alisema. "Hana hata haya."

Senkondo akasimama. Sauti yake ilikuwa nzito. "Mbwa huyu amepitishwa kila mlango. Nimesema hivyo mbele yenu, na leo nasema tena. Kama ameua, basi hafundishiki. Mchukueni."

Nakijwa alijua kwamba neno lake moja lingemwokoa mbwa. Alijua pia kwamba neno hilohilo lingemfanya baba yake mwongo mbele ya watu wote waliomwamini. Ndipo Bibi Nangasu akamgeukia, na safari hii sauti yake ilikuwa ya chini.

"Mjukuu wangu, huyu mbwa amepita kila mlango?"

Watu wakamtazama. Bibi naye akamtazama, na ni wao wawili tu waliojua.

"Ndiyo, bibi," alisema Nakijwa.

"Haya," akasema Bibi Nangasu, wala hakuongeza neno. Wapo wanaosema alinyamaza kwa hasira. Mimi naona hakutaka kumsemea mtu jambo lake. Lakini Nakijwa aliposikia ile "haya," alitamani ardhi ipasuke aingie. Uongo aliomwambia baba ulikuwa umemkaa tumboni. Huu aliomwambia mtu anayejua ukweli ulimkaa usoni, akaona kila mtu anausoma.

Wakamfunga Pilika kwa kamba ya mgomba, wakaanza kupanda naye kuelekea msituni. Watu wakafuata, Nakijwa nyuma kabisa. Mbwa alikwenda kwa furaha, akidhani anapitishwa tena. Walipofika mlango wa kwanza akasimama, akainama mpaka paji la uso likagusa ardhi, akasubiri kuambiwa yale maneno. Mwanamume aliyeshika kamba akaivuta. Mlango wa pili akasimama tena, akainama tena. Mlango wa tatu vilevile. Watu wakaanza kutazamana. Mama mmoja alificha uso kwa kitambaa. Kila mlango waliopita uliinamiwa na mbwa yule aliyesemwa hafundishiki, na kila mara Nakijwa alihisi anasutwa kwa jina lake.

Kisha wakafika mlango wa mwisho. Pilika akaupita. Hakusimama, hakugeuza hata shingo. Aliupita kama anavyopita jiwe.

Wengi hawakuona, maana macho yao yalikuwa msituni. Senkondo aliona. Hatua zake zikapungua, akautazama mlango wa Bibi Nangasu, akamtazama mbwa, akageuka taratibu akamtazama binti yake. Nakijwa akasubiri baba aseme. Baba hakusema. Aligeuza uso mbele, akainamisha shingo, akaendelea kutembea.

Hilo ndilo lililomvunja. Alimwona baba yake, mtu wa neno moja, akibeba uongo wake na kupanda nao kilima kama mzigo wa kuni aliotwikwa na binti. Akapiga kelele, "Baba, hapa sikumpitisha!"

Msafara wote ukasimama. Nakijwa hakuweza kumtazama mtu. Alikimbilia kwenye mlango wa Bibi Nangasu, akaanguka magotini, akajikunja. Kichwa kilikuwa chini, mabega yamepanda, masikio ameyaziba kwa mikono ili asisikie watakachosema, na ncha ya nguo yake ameikusanya katikati ya miguu. "Nilidanganya, bibi," alisema akiwa ameinamia mchanga. "Nimemdanganya baba, nikakudanganya na wewe. Nilikuwa naogopa kuchekwa."

Pilika akaikata kamba kwa kuruka mara moja, akaja mbio kando yake. Alikuwa amefundishwa kufanya afanyavyo Nakijwa, na hakujua kufanya jambo jingine. Akainamisha kichwa. Akaona masikio ya Nakijwa yamezibwa, akayalaza ya kwake nyuma. Akaona ile nguo imebanwa katikati ya miguu, naye akauchukua mkia wake, ule ambao haukuwahi kushuka, akauingiza katikati ya miguu. Alipoona Nakijwa hathubutu kumtazama mtu, akageuza macho pembeni.

Bibi Nangasu alisimama mbele yao, maganda yangali kwenye pindo.

"Mtoeni huyu mtoto hapo chini," alisema, "kabla hajaumaliza mchanga wangu. Na huyo mweusi mwacheni. Hajaletwa kwangu, amekosa nini?"

Senkondo akapiga magoti kando ya binti yake. Aliomba radhi kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, na akakiri kwamba pale mlangoni aliona, kisha akageuza uso. Radhi walipewa. Lakini msidhani mambo yaliisha hivyo. Kighonda ilikaa mwaka mzima bila kusikia jogoo akiwika, na kila kulipopambazuka kimya, Nakijwa alijifunika shuka mpaka kichwani. Mipaka ya mashamba ikigombaniwa, watu walimwita Senkondo na mtu wa pili pamoja naye. Nakijwa alimpandisha Pilika kwa Bibi kila asubuhi, akiwa amenawa miguu, hata baada ya mbwa kujua kuinama pale vizuri kuliko mahali pengine popote. Bibi alikuwa akiwakaripia, naye alisikiliza.

Na tangu siku hiyo mbwa hushusha mkia. Mtamwona amelaza masikio na kugeuza macho, mseme anajua alichokosa. Hajui. Kuku, kiatu, nyama, kwake vyote ni vitu vya mdomoni tu. Anachofanya ni kumtazama usoni aliyemlea, na akiona aibu pale, au akihisi inakuja, huivaa yeye.

Sasa, yule wetu yuko chini ya ghala tangu asubuhi, mkia umeingia katikati ya miguu, na ile nyama niliyomwekea mgeni haionekani jikoni. Simuulizi yeye. Namuuliza aliyeachiwa kumwangalia, ambaye tangu nianze kusimulia hajainua macho.