Maji ya Bwana Mafuru

Machimbo ya kokoto ya Ngwala yalipofungwa, masika yalilijaza maji shimo lote. Wagonga kokoto, waliobaki bila kazi, wakaomba wapewe eneo walime mboga. Mwenye mali, Bwana Mafuru, akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Penye maji ni pangu, pakavu ni penu. Andikeni, nitie sahihi."

Pakavu penyewe palikuwa ukingo ambao hata mbuzi aliupita akiomba Mungu. Wagonga kokoto wakanuna, lakini mwenzao Bi Tabu akaandika upesi, na Bwana Mafuru akasaini.

"Hongera, baba," Bi Tabu akasema. "Ila watu wanakusema vibaya. Eti tajiri ana ziwa zima mlimani, na migomba yake kule bondeni inakufa kiu."

"Wanasema sina akili?"

"Hilo neno mimi nililikataa."

Kesho yake Bwana Mafuru alileta katapila likate mtaro kutoka shimoni hadi shambani kwake. Bi Tabu alisimama pale akielekeza.

"Chini zaidi, dereva. Bwana asiachiwe hata tone huku, asije akasema tumemwibia."

Wiki tatu baadaye, Bwana Mafuru alikuta akina mama wameinama katikati ya shimo, wanapanda mchicha.

"Nani kawaruhusu kulima kwangu?"

"Kwako ni penye maji, baba," Bi Tabu akajibu, akimnyooshea ile karatasi. "Hapa tunatafuta tangu asubuhi hata ya kunawa mikono, hatuyaoni. Ukija kesho, tubebee ndoo mbili za kumwagilia."