Kiingereza cha Bibi Nakijwa na Firigisi Moja

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali, ni hii ya juzijuzi simu zilipokwisha kuanza kuonyesha sura za watu, palikuwa na bibi mmoja huku kwetu Usangi, milimani Upareni. Jina lake Bibi Nakijwa. Sogeeni, na mwenye kucheka acheke sasa hivi amalize, maana najua mnavyotusema. Mnasema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Haya, kesi ya leo si hata ya kuku mzima. Ni ya firigisi.

Bibi Nakijwa alikuwa na mjukuu mmoja tu, mtoto wa binti yake, aitwaye Eliwaza. Mtoto alizaliwa Uingereza, baba yake Mwingereza, na lugha aliyoijua ni Kiingereza peke yake. Bibi hakuwahi kumshika hata kidole. Alimjua kwa kioo cha simu: uso unakuja, unakwama, unapotea. Naye Bibi alikuwa na Kipare, na Kiswahili, na basi. Wakionana kwenye simu walipungiana mikono mpaka mikono ikachoka.

Ikaja habari kwamba mwezi wa Desemba Mama Eliwaza anamleta mtoto nyumbani. Bibi akafurahi, kisha akaingiwa na hofu. Mtoto atafika, atakaa, ataondoka, na wao watapungiana mikono tu kama watu walio kwenye magari mawili? Hapana. Akajifunga khanga, akashika njia kwenda kwa Mwalimu Mrutu.

Mwalimu Mrutu alikuwa mstaafu, mtu wa kunyoosha shati hata kama anakwenda kuwatoa mbuzi. Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka vilevile. Alifundisha maneno mazima mazima, hili halijapita, lile halisogei. "I am." "You will." "Do not." Kwake yeye, kukata neno ni uvivu, na enzi zake mwanafunzi aliyethubutu kuandika neno lililokatwa alikula wino mwekundu. Bibi akayashika maneno yote. Mwalimu akasema laiti angalimpata akiwa binti.

Jumapili moja akapiga simu. Akaketi wima, akakaza sauti, akasema: "I am your grandmother. You will come to my house. You will not cry. Do not be afraid."

Mtoto akamtazama. Mdomo ukamcheza, akatoweka kwenye kioo. Kumbe yuko chini ya meza. Mama yake akarudi kwenye simu ameona haya, akaeleza. Kule kwao, watu wakiongea kwa upendo huyabana maneno mawili yakawa kitu kimoja, "I'm", "don't", yanapita haraka na kwa ulaini. Maneno mazima mazima mtoto huyasikia akiwa amemwaga maziwa au amempiga mwenzake. Mama mwenyewe akikasirika ndivyo anavyoyatoa, moja moja, kwa kidole. Sasa mtoto anauliza Bibi amemkasirikia nini.

Jamani, iliuma. Bibi alizima simu akalia palepale jikoni, moshi ukasingiziwa. Akamwambia mumewe, Babu Senkondo, kwamba ana mjukuu mmoja chini ya jua, na huyo mmoja akimwona anajificha. Akija hapa akajificha chini ya meza yangu, akasema, nitakufa na kidonda hicho.

Akarudi kwa Mwalimu. Mwalimu alinuna kwanza. Akasema hajawahi kufundisha maneno vilema na hataanza uzeeni. Halafu akayaona macho ya Bibi, akavuta kiti. Akamfundisha kubana: hapa panamezwa, hapa panabaki. Kichwani Bibi alielewa vizuri sana. Tatizo lilikuwa mdomo. Mdomo wetu sisi, ninyi wenyewe mnajua, hupenda kumaliza neno ukiwa wazi. Basi "I'm" ikatoka "aimu". "Don't" ikatoka "donti". "It's" ikatoka "itisi". Mwalimu akashika kichwa.

"Mama," akasema, "mimi nalikata neno mkia, na wewe unaliotesha mwingine."

Wakati huohuo Bibi alikuwa akishonewa gauni la mapokezi kwa Fundi Mwanaidi, pale sokoni. Mwanaidi ni fundi wa cherehani ambaye tangu asubuhi mpaka anafunga kibanda ana pini midomoni. Anaongea nazo, anapatana bei nazo, anasengenya nazo, na hakuna hata moja inayoanguka. Bibi akisimama kupimwa alikuwa anajisomea chinichini, aimu, aimu, kama mtu anayehesabu shanga. Mwanaidi Kiingereza hajui hata cha kuombea maji, lakini masikio anayo. Akamwambia kuwa hilo neno lake analifungulia mlango halafu haufungi. Akachomoa pini, ile ya kichwa kikubwa, akampa aibane kwenye kona ya midomo na aseme hivyohivyo.

Bibi akasema "aimu". Midomo ikachongoka, pini ikaanguka. Akasema "donti". Midomo ikatanuka, pini ikaanguka. Akipimwa mabega, pini ikaanguka. Akipimwa kiuno, pini ikaanguka. Babu Senkondo aliposikia akaja mbio kuuliza kama wanataka mkewe ameze chuma. Wakamfukuza. Mwanaidi siku hizo aliokota pini zaidi kuliko alivyoshona, na wateja wengine walinuna kwa sababu nguo zao zimelala. Mpaka asubuhi moja Bibi akasema "I'm", midomo ikakutana, ikatulia, na pini ikabaki mahali pake. Akasema "don't", ikabaki. Mwanaidi akasahau alichonacho mdomoni akapiga kigelegele, zake zikaanguka zote.

Mngedhani imekwisha. Wapi! Neno lililotoka kwa fundi likiwa laini, likifika nyumbani linakauka. Bibi akiuwaza tu ule uso unaocheza mdomo, sauti inakaza tena, anakuwa hakimu anayesoma hukumu.

Hapo ndipo alipoingia Babu Senkondo. Kiingereza cha Babu kilikuwa neno moja, "Yes", na hakuna ajuaye alilipata wapi. Kila alasiri Babu alikuwa na kijiwe chake karibu na bucha, na wazee wenzake, na kahawa. Akakiacha. Akachukua kigoda kile kifupi cha jikoni, akakaa magoti yamefika kidevuni, akawa Eliwaza. Bibi anapukuchua mahindi ya makande huku anamsemesha. "I'm your grandma." Babu anajibu, "Yes." "Don't cry." "Yes." "It's your home." "Yes." Siku moja Bibi akaunga Kiingereza chake mwenyewe, akamuuliza kama yeye ni mbuzi. Babu akatikisa kichwa kwa heshima zote, akasema, "Yes." Bibi alicheka mpaka ungo ukapinduka, mahindi yakatawanyika, kuku wakafaidi. Na tangu siku ile sauti yake ikalegea. Ukimsikiliza, kicheko kiko ndani yake. Wazee wa kijiweni walimtania Babu kwamba amerudishwa chekechea. Sidhani kama aliwajibu, na kama aliwajibu mnalijua jibu.

Siku ikafika. Gari likasimama uani. Mwalimu Mrutu yupo na shati lake, Mwanaidi yupo, Babu yupo, majirani tupo, na Bibi amesimama mbele na gauni jipya. Mtoto akashuka. Mdogo kuliko kwenye simu, kofia ya sufu imemziba mpaka nyusi, mkono umekamata sketi ya mama yake. Bibi akafungua kinywa. Kabla hajasema, mtoto akamtangulia. Alisema polepole, kila neno limesimama peke yake:

"Good morning, Grandmother. I am Eliwaza. I am not afraid. I will not go under the table."

Mwalimu Mrutu akavua miwani. Mama Eliwaza ndiye aliyetueleza. Tangu ile Jumapili, mtoto alipoambiwa kwamba Bibi hakukasirika, ila ndivyo anavyojua kusema, aliona vibaya kwamba alimkimbia. Akaanza kujifunza. Mezani, bafuni, njiani kwenda shule, kila neno lililobanwa analibandua, akikosea anarudia. Wenzake shuleni walimcheka kwamba anaongea kama babu wa kale. Alikuwa akiwajibu kwamba anajifunza Kiingereza cha Bibi.

Bibi machozi yakamlenga. Akachuchumaa, na bila pini, akasema: "I'm so happy. Don't be shy. It's your home."

Laini. Mdomo ukafunga kila mahali ulipotakiwa kufunga, na kicheko kimo. Mtoto alitoa macho, akamtazama mama yake, akamtazama Bibi. Kisha akaachia sketi. Alikimbia na kofia ikaanguka njiani, akajitupa mapajani kwa Bibi, wote wawili wakakaa chini kwenye vumbi na gauni jipya. Mwanaidi hakujali gauni. Alikuwa analia kama sisi.

Sasa tufike kwenye kesi. Kuku akachinjwa, akapikwa, na kwetu firigisi ni ya baba mwenye nyumba, haiulizwi. Lakini Bibi kwa furaha yake akasimama na bakuli akatangaza kwamba leo desturi isogee pembeni kidogo. Leo firigisi ataila yule aliyemleta mtoto mapajani mwake. Maskini, alidhani anashukuru watu. Kumbe amefungua kesi katikati ya Wapare.

Mwalimu Mrutu akasimama wa kwanza, akafunga kifungo cha shingoni. Akasema maneno aliyatoa yeye. Yaliyobanwa yalikuwa yake, kwa sababu huwezi kubana usichonacho. Na zaidi ya hayo, akasema, yale aliyoyasema mtoto pale garini ni Kiingereza cha nani? Ni chake Mrutu, kimevuka bahari kikarudi. "Nimefundisha maisha yangu yote," akasema, "na leo ndiyo mara ya kwanza mwanafunzi amekipenda."

Mwanaidi akasema hakatai, maneno ni ya Mwalimu, lakini mtoto aliposhuka na hayo maneno mazima aliachia sketi? Hakuachia. Aliachia aliposikia yale yaliyofungwa midomo. Mwalimu alishika kichwa kwa "aimu", yeye Mwanaidi akashika pini. Akakumbusha na nguo za watu zilizolala, na mteja aliyemhamia fundi mwingine. Akakaa.

Babu Senkondo hakusimama, magoti bado yalikuwa yanamuuma kwa kile kigoda. Akasema firigisi ni yake kwa desturi, lakini haidai kwa desturi. Anaidai kwa sababu maneno ya Mwalimu na mdomo wa fundi, vyote viwili, vilifika nyumbani vikiwa vikavu. Nani alivilainisha? Nani alikuwa mbuzi?

"Mtoto hakimbilii maneno," akasema. "Anakimbilia sauti. Na ile sauti niliitafuta mimi."

Ndipo Mama Eliwaza akaomba naye aseme. Akasema hawa wote walimfundisha mtu mzima aliyekuja mwenyewe kuomba kufundishwa, na wanastahili shukrani. Lakini mtoto hakuombwa na mtu. Aliogopa, na akiwa na hofu hiyohiyo akajifunza namna ya kumfuata Bibi kule aliko, akachekwa, akaendelea. Basi nani aliyemleta mtoto mapajani, kama si mtoto mwenyewe?

Tukagawanyika. Huku wanasema Mwalimu, kule wanasema fundi, wanawake wengi wako na Babu kwa sababu ya magoti. Sauti zikapanda. Firigisi ikawa inapoa.

Eliwaza alikuwa mapajani kwa Bibi, haelewi hata neno. Alichoona ni watu wazima wanabishana kuhusu bakuli. Akanyoosha mkono, akaitoa firigisi kwa vidole, akaigeuza, akamuuliza Babu kwa adabu: "Is it for me?"

Babu akasema, "Yes."

Basi hapo ndipo palipochafuka. Mwalimu akasema mwenye nyumba ametamka, kesi imekwisha. Mwanaidi akasema imekwisha vipi, mzee huyuhuyu alikiri kuwa mbuzi. Wakamfasiria Babu alichokikubali. Babu akaitazama firigisi, akamtazama mtoto, akasema "Yes" tena, na wale waliokaa karibu naye wanaapa kwamba safari hii alijua. Wengine wanaapa kwamba hakujua.

Na mtoto hakuila. Alipoona nyuso zetu alielewa kwamba kitu alichoshika ni kikubwa kuliko alivyodhani. Akainyanyua juu kidogo, akatuzungushia macho mmoja mmoja, akasubiri tumwonyeshe.

Mimi nilikuwepo, na nina langu moyoni, silitoi. Ninyi mnaojifanya hamna kesi, semeni. Mkono wake ule pale umenyooka, mchuzi unatiririka mpaka kwenye kiwiko. Je, aiweke mdomoni mwa nani?