Mlango Uliomzuia Msimamizi

Mlango umzuiao baba ndio umlindao mwana.

Mmeisikia leo, eti? Mlinzi wa shule kamzuia shangazi yenu langoni asiwachukue, mkanuna njia nzima, na mama yenu badala ya kuwaonea huruma akacheka na kuwatupia maneno hayo. Sasa mmenijia mimi mtake kujua yalitoka wapi. Haya, kaeni. Wewe unayesinzia, sinzia mbali usinivurugie. Methali hii ilianza hivi.

Huko kwenye milima ya chai palikuwa na kiwanda kikiitwa Kwemtindi. Akina mama walichuma chai mashambani, akina baba wengi walikuwa ndani kwenye mashine. Shule ilifunga saa nane mchana, na king'ora cha kutoka kazini kililia saa kumi na moja. Hapo katikati watoto hawakuwa na mwenyewe. Walicheza barabarani malori ya chai yakipita, wakaogelea mtoni, wakachezea moto wa kukaushia majani. Siku mtoto mmoja alipogongwa na lori akavunjika mguu, mwanamke mmoja aitwaye Bi Sikudhani alisema basi, imetosha.

Bi Sikudhani alikuwa mjane aliyechuma chai mpaka mgongo ukamkatalia. Alikwenda kwa msimamizi wa kiwanda, Bwana Shemhilu, akamwomba banda la zamani la kupimia majani lililokuwa limejaa magunia mabovu. Akapewa. Akalifagia, akatandika mikeka, na kuanzia hapo watoto wakitoka shule walifikia kwake. Aliwapa uji, aliwasimamia wakafanya kazi walizopewa na walimu, kisha akawaacha wacheze uani hadi wazazi wao waje kuwachukua.

Lakini kukaa na watoto wa watu si kuwapa uji tu, msidanganyike. Bi Sikudhani aliweka taratibu zake, na alizisimamia kwelikweli. Asiyenawa mikono hagusi kikombe. Mwenye homa abaki kwao. Fimbo haiingii bandani, hata kwa mtundu aliyeshindikana. Mzazi akichelewa, atamkuta mwanawe hapo hapo bandani, hatamkuta kwa jirani. Watu walizikubali hizo zote bila maneno. Uliowashinda ni utaratibu wa kanga.

Kanga, kama mjuavyo, huuzwa doti, pande mbili zinazofanana. Kila mama alileta doti yake, na Bi Sikudhani akachana kipande chembamba kwenye kila upande. Kimoja alikitundika ukutani kwenye msumari wa mtoto huyo, cha pili akampa mama. Anayekuja kumchukua mtoto sharti aje na kipande. Kikifanana na cha ukutani, mtoto anatoka. Kisipokuwepo, mtoto hatoki.

"Hata mimi niliyemzaa?" aliuliza mama mmoja, Mama Hiza, ambaye mdomo wake haukujua likizo.

"Hata wewe uliyemzaa. Nikianza kufungua kwa sura, kila mtu ataniambia sura yake naijua. Mwisho nitagombana na mji mzima."

Walimcheka, lakini walizoea. Akina mama walifunga vile vipande kwenye pindo la kanga walizovaa, pale pale wanapofunga hela ya chumvi, na mtu hasahau pindo lake. Shida ilikuwa kwa akina baba. Mwanamume na suruali yake, leo hii kesho ile, hajui alichoacha mfukoni.

Basi Jumanne moja Bwana Shemhilu mwenyewe alisimamisha gari mbele ya banda. Binti yake, Tunu, alikuwa darasa la pili, na siku zote huchukuliwa na mama yake. Siku hiyo mama alikwenda gulioni na kipande akaondoka nacho kwenye pindo.

"Bi Sikudhani, nipe Tunu, tunawahi nyumbani."

"Karibu, Bwana Shemhilu. Kipande kiko wapi?"

Yule bwana akacheka, akidhani anataniwa. "Kipande changu ni huu uso. Hunijui?"

"Nakujua, na heshima yako naijua. Banda hili umenipa wewe. Lakini mlango huu haujui nyuso, unajua kipande. Kaa hapa kibarazani, nikuletee uji, Mama Tunu atakukuta."

Wafanyakazi walikuwa wakitoka kazini. Walipunguza mwendo, wengine wakajifanya wanafunga kamba za viatu, na waliovaa ndala wakajifanya hivyo hivyo. Bwana Shemhilu aliwaona. Mtu anayefunguliwa kila lango pale kilimani amezuiwa na bibi mwenye mwiko wa uji mkononi, tena mbele ya watu anaowaamuru. Uso ukamsawijika.

"Sawa," akasema polepole. "Ijumaa nina mkutano na wafanyakazi. Nitawatangazia kwamba banda hili linarudi kuwa stoo ya magunia." Akapanda gari akaondoka, na Tunu akamsubiri mama yake.

Msidhani Bi Sikudhani hakuogopa. Aliogopa sana. Banda likifungwa, watoto wote wale wanarudi barabarani kwenye malori, na aliyevunjika mguu alikuwa bado anachechemea mbele ya macho yake kila siku. Jumatano wazazi walimtuma Mama Hiza aje kumsihi.

"Bibi, nenda kamwombe radhi," alisema Mama Hiza. "Mwambie kwa wengine kipande ni lazima, kwake yeye basi. Mtu mmoja tu. Kuna ubaya gani?"

"Ubaya nitauona siku mtu mwingine atakapokuja kwa jina lake."

"Nani atathubutu?"

"Hilo silijui, mwanangu. Ndiyo maana nafunga mlango."

Mama Hiza alirudi kichwa chini, akawaambia wenzake kwamba bibi yule kichwa chake ni cha jiwe la kusagia. Bi Sikudhani naye alibaki na mawazo yake. Alijiuliza kama anawaponza watoto kwa ukaidi. Jibu hakulipata, ila komeo hakulilegeza.

Alhamisi, king'ora hakijalia, mtu mmoja alikuja na pikipiki. Alivaa koti la kiwanda na kofia aliyoishusha hadi kwenye nyusi. Alisalimia vizuri, shikamoo yake ikaitikiwa.

"Nimetumwa na Bwana Shemhilu nimchukue Tunu. Bibi yake mzaa baba kaanguka huko kijijini, familia yote inasubiri."

"Pole zao. Kipande umepewa?"

Yule mtu akatabasamu kama mwenye kujua mengi. "Bibi, wewe na vipande vyako. Hayo si ndiyo yaliyokukosanisha naye juzi? Amesema hivi: ukinirudisha mikono mitupu, hataingoja Ijumaa. Analifunga banda leo leo."

Mama Hiza alikuwa amewahi kutoka shambani, amesimama pale na kipande chake mkononi. Aliposikia hayo alimshika Bi Sikudhani mkono. "Bibi, fungua. Nakuomba kwa ajili ya watoto wetu wote, fungua."

Mkono wa Bi Sikudhani ukaenda kwenye komeo. Ndiyo, ulikwenda, tusimfanye malaika. Alimwona Tunu ndani, amekaa mkekani anachonga penseli, hana habari. Kisha akakumbuka uso wa Bwana Shemhilu ulivyosawijika pale kibarazani, na mara moyo wake ukatulia. Akautoa mkono kwenye komeo.

"Sikiliza, mwanangu," akamwambia yule mtu. "Bwana Shemhilu alikuja hapa kwa miguu yake na uso wake nikamzuia. Mwenyewe nimemzuia, sembuse wewe uliyekuja na jina lake tu? Kama kweli amekutuma, alijua fika utaulizwa nini."

Neno kubwa alilokuwa nalo yule mtu ni jina la msimamizi, na jina hilo lilikwisha kushindwa pale pale mlangoni tangu Jumanne. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akarukia pikipiki.

Hapo ndipo mdomo wa Mama Hiza ulipofaa. Alipiga yowe lililosikika hadi kwenye mashine. Wanaume wakatoka mbio, na njia panda yule mtu akakuta lori la chai limewekwa katikati ya barabara. Kofia ilipovuliwa, wote walimtambua. Alikuwa dereva aliyefukuzwa kwa kuiba chai, na mwenyewe alikiri kwamba alitaka kumficha Tunu hadi baba yake amrudishe kazini. Alikuwa amesikia habari za ugomvi wa Jumanne, akaona bibi ameshatishwa, kazi imekuwa rahisi.

Bwana Shemhilu alifika bandani akihema. Mama yake mzazi alikuwa mzima, na hakumtuma mtu. Alimwona Tunu dirishani, akataka kuingia, kisha akasimama mwenyewe. Hakuwa na kipande. Akaketi kibarazani, akajishika kichwa, machozi yakamtoka mbele ya wale wale waliojifanya wanafunga viatu. Bi Sikudhani akamletea uji, akaketi naye mpaka Mama Tunu alipokuja, akafungua pindo lake, na mtoto akatoka.

Ijumaa watu walijaa uwanjani. Bwana Shemhilu alipanda kwenye ngazi za ofisi akasema, "Nilikuja hapa niwatangazie kufunga banda. Tishio langu ndilo lililochukuliwa likaletwa kumwiba mwanangu. Bibi huyu angeniogopa, leo ningekuwa nalia. Mlango ulionizuia mimi ndio uliomlinda mwanangu. Banda ni lake, na taratibu zake nisisikie mtu anazigusa." Akina mama walipiga vigelegele, wakambeba Bi Sikudhani juu juu kama bibi harusi, naye akiwagombeza wamshushe kwa kuwa uji unaungua.

Wiki iliyofuata Bwana Shemhilu alileta fundi, akaweka mlango mpya wa mninga, mzito, kwa fedha yake mwenyewe. Alikuja jioni kuutazama na kumchukua Tunu. Akaupapasa, akausifu, akabisha hodi.

Kidirisha kikafunguka. "Karibu, Bwana Shemhilu," alisema Bi Sikudhani. "Kipande kiko wapi?"

Akajipapasa mfuko huu, akajipapasa ule. Kipande alichopewa na mkewe alikiacha kwenye suruali ya jana. Wafanyakazi wakasimama, safari hii bila kujificha. Yule bwana aliutazama mlango alioununua mwenyewe, umefungwa mbele ya pua yake, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akavuta kigoda, akaketi kibarazani kusubiri mkewe akilete, na kila aliyepita akamwambia bila kuulizwa:

"Mlango umzuiao baba ndio umlindao mwana."