Viti Vitatu, Jina Moja

Sogeeni karibu, na mwenye mguu unaotikisika autulize kidogo, maana hii ni hadithi ya watu wasiojua kutulia. Nitawapa yote niliyonayo isipokuwa jibu. Jibu sina, mtanipa nyinyi.

Upande wa Kondoa, kwenye vilima vya mchanga mwekundu na makorongo yanayomega njia kila masika, waliishi mke na mume na watoto wao watatu. Mke aliitwa Mwasiti, na mambo haya tutayatazama kwa macho yake, kwa sababu ndiye aliyejitakia mzigo wa kuyaamua.

Mumewe, Swalehe, alikuwa na kipaji cha mikono. Mikono ile haikuweza kukaa bure hata wakati wa kula. Ndiyo iliyochukua baiskeli mbili kuukuu na nusu ya baiskeli ya tatu, ikazikata, ikazichomelea, ikatoka baiskeli moja ndefu yenye viti vitatu, pedali jozi tatu, na karia nyuma. Majirani walicheka wiki nzima, kisha wakaanza kuja mmoja mmoja kuomba kuipanda. Na Swalehe akishika usukani, aliweza kuipitisha ndefu ile kwenye njia ya mbuzi bila kugusa mwiba.

Mtoto wao wa kwanza, Idrisa, alikuwa na kipaji cha miguu. Alikuwa kijana wa kidato cha pili, mwenye miguu mirefu inayotafuta kazi hata akiwa amelala. Kiti chake kilikuwa cha nyuma, na mlima ulipokuja, wote walijua ni nani anayewapandisha. Mama yake alimnunulia viatu vizuri vya kamba, lakini yeye alivaa katambuga, ndala zile zinazokatwa kutoka tairi la gari, na ugomvi wa viatu hivyo ulikuwa haujaisha.

Mtoto wa pili, Shamsa, wa darasa la kwanza, alikuwa na kipaji cha macho, ingawa nyumbani walikiita usumbufu. Yeye alikaa kwenye karia akiwa ametazama nyuma, walikotoka, kwa sababu akitazama mbele haoni kitu ila mgongo wa kaka yake. Kila alichokiona alikitangaza. Ng'ombe, jiwe, mtu aliyevaa kofia, ng'ombe mwingine. Baada ya muda hakuna aliyemsikiliza tena.

Mtoto wa tatu, wa kike, hakuwa na kipaji bado. Hakuwa hata na jina.

Na hapo ndipo shida ilipokuwa. Siku ya saba ilipita wakibishana. Arobaini ilitoka wakibishana. Majirani walikuwa wakimwita Kitoto, na Mwasiti alianza kuogopa kwamba litamganda. Swalehe alitaka mtoto aitwe Mwantumu, jina la marehemu mama yake. Shamsa alitaka aitwe Devota, kwa kuwa nesi Devota ndiye aliyempokea mtoto na ndiye aliyempa Shamsa biskuti.

"Devota binti Swalehe," baba yake alisema. "Maalimu akilisikia hilo atatafuta viatu vyake aondoke."

Idrisa naye alitaka jina moja tu. Rukia. Rukia alikuwa dada yake, aliyezaliwa baada ya Shamsa na kufa kwa homa kabla hajaota meno. Idrisa ndiye aliyekuwa akimbeba jioni, na hakuwahi kusema mengi kuhusu kifo chake. Alisema jina tu. Mwasiti alilipenda jina lile kuliko yote duniani, na ndiyo sababu hakuweza kulivumilia. Aliona atalazimika kuliita kila alfajiri, na kila alfajiri ataitikiwa na mtoto mwingine.

Mwasiti mwenyewe alikuwa na jina lake kifuani. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema.

Mama yake Mwasiti, Bi Hadija, aliyeishi ng'ambo ya mlima, alichoka kusubiri. Akatuma salamu: mbuzi amefungwa, maalimu ameitwa, mje alasiri na mtoto, mje na jina. Mkija bila jina nitampa langu, na nyote mnajua siku hizi kuna Hadija wangapi.

Wakatoka. Swalehe mbele, Mwasiti katikati na mtoto amefungwa mgongoni kwa mbeleko, Idrisa nyuma yake, Shamsa kwenye karia akiaga miti. Tambarare yote waliimaliza wakibishana. Mlima ulipowazidi hata miguu ya Idrisa, walishuka, wakasukuma, na ubishi ukasukumwa pamoja na baiskeli.

"Mtoto hupewa jina na baba yake."

"Baba, wewe Shamsa ulimpa. Mimi ulimpa. Unataka wangapi?"

"Ng'ombe," alisema Shamsa. "Na mimi nataka Devota."

Walipofika kileleni Mwasiti alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Mtoto alikuwa akijinyonganyonga mgongoni, jasho lilikuwa likimwingia machoni, na mbele yao njia ilikuwa inateremka mpaka chini kwenye mto mkavu, na ng'ambo ya mto moshi wa jikoni kwa mama yake ukionekana. Alisimama, akashika kiuno, akasema neno ambalo baadaye alitamani angelimeza.

"Sikilizeni. Sitaki kusikia jina lolote tena mpaka tufike. Atakayetufikisha salama, mimi na mtoto huyu, ndiye atakayemtaja. Awe nani, awe jina gani. Nimeapa."

Swalehe alicheka kidogo, akashika usukani. Alijua usukani uko kwa nani. Idrisa alitazama miguu yake. Na Mwasiti, niwaambie ukweli, aliapa hivyo akidhani amempa mumewe kimyakimya, ili Mwantumu ashinde, Rukia apumzike, na yeye apate amani. Walipanda, wakaanza kuteremka.

Sasa mjue kwamba baiskeli ile ndefu ilikuwa na breki moja tu, ya mbele. Ya nyuma Swalehe alikuwa amesema ataiweka wiki ijayo, na wiki ijayo ilikuwa na tabia ya kusogea.

Walikuwa hawajaenda mbali, upepo ndio kwanza umeanza kupuliza kanga ya Mwasiti, Shamsa alipotangaza.

"Kitu cheusi kimeanguka."

Baiskeli ikaendelea kuteremka.

"Kidogo, cheusi. Ni chetu."

"Shamsa, nyamaza, mtoto amelala," alisema mama yake.

"Nimesema ni chetu," Shamsa alirudia, na safari hii alimpiga kaka yake ngumi mgongoni na kuendelea kumpiga mpaka akageuka. Idrisa aliona kule nyuma, katikati ya vumbi, kipande cha raba. Alikitambua, kwa kuwa ndiye aliyekuwa amemshikia baba yake koleo siku kilipofungwa.

"Baba, raba ya breki imedondoka."

Swalehe alibana breki. Chuma kilisaga chuma kwa sauti iliyowaumiza meno, na baiskeli haikupunguza chochote. Mwasiti aliona mgongo wa mumewe ukikakamaa, akajua.

Idrisa hakungoja kuambiwa. Alitoa mguu kwenye pedali, akaupitisha chini ya kiti, akakandamiza katambuga juu ya tairi la nyuma. Tairi lilikula tairi. Harufu ya mpira unaoungua ikapanda. Alibana meno, akakandamiza zaidi, na baiskeli ikaanza kusitasita, haikusimama, uzito ulikuwa mkubwa mno, lakini ilipungua kasi kiasi cha mtu kuweza kufikiri. Ndala ilipotoboka, mguu uliendelea bila ndala. Hakupiga kelele. Mwasiti aliisikia tu pumzi yake shingoni.

Kisha kona ikaja. Kushoto kulikuwa na korongo, lile refu ambalo ng'ombe akitumbukia huchinjwa humohumo. Kulia, kati ya vichaka viwili, kulikuwa na kijinjia cha mifugo kinachoshuka mpaka kwenye mchanga wa mto. Upana wake haukuzidi mikono ya mtu aliyeinyoosha. Swalehe aliitazama njia ile mara moja, akaacha barabara.

"Laleni kulia," alisema. "Wote, na mimi, sasa."

Na hapa, wasikilizaji wangu, ndipo kulipotokea jambo dogo ambalo karibu lipotee. Miguu ya Mwasiti ilikuwa imeshatoka kwenye pedali. Upande wake wa kulia kulikuwa na ukingo wa majani, na mwili wake wote ulimwambia ruka, mwokoe huyu uliyenaye mgongoni. Alikuwa amezika mtoto mmoja. Hakuona kingine chochote ila yale majani. Lakini akahisi pumzi ya Idrisa shingoni, akasikia Shamsa akilia nyuma, akajua kwamba yeye akitoka katikati, baiskeli itapinduka na hao waliobaki wataishia korongoni. Akakaa. Alilala kulia mpaka bega lake likagusa kichaka, akiwa amefumba macho.

Walipita. Miiba ilichana kanga, usukani haukutetereka, wakaingia kwenye mchanga wa mto, na mchanga ukawashika. Baiskeli ilizama, ikayumba, ikalala ubavu polepole na wote wakalala nayo. Mtoto aliamka, akapiga chafya, akalala tena.

Swalehe alimfunga Idrisa unyayo kwa kipande cha kanga iliyochanika, na mikono yake, ile isiyokosea, ikafunga fundo, ikalifungua, ikalifunga tena. Walisukuma baiskeli mpaka kwa Bi Hadija, Idrisa akichechemea. Mwasiti alitembea nyuma yao, akiwahesabu kwa macho kila mara, kana kwamba mmoja angeweza kupotea hata sasa.

Bi Hadija alikuwa mlangoni, mkono kiunoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mmechelewa. Maalimu amekunywa chai yote. Jina nani?"

Mwasiti akaeleza ahadi yake, na kilichotokea. Alipomaliza, wote watatu walianza kusema kwa pamoja, mpaka Bi Hadija akapiga kofi moja hewani.

"Baba mtu kwanza."

"Mama mkwe, sitaki kujisifu," alisema Swalehe. "Breki ni kosa langu na nimelikubali. Lakini ile njia kati ya vichaka niliiona mimi, na niliipita mimi. Wangeshika usukani wengine, mngekuwa mnatutoa korongoni sasa hivi. Nasema Mwantumu."

"Baba, kwa kasi ile bila mguu wangu usingeiona njia yoyote," alisema Idrisa. Hakusema kwa kiburi. Alikuwa amekalia kigoda, unyayo juu. "Ungekuwa umeshapita kona. Na ningekuwa na vile viatu vya Mama, vingekwisha mapema. Nasema Rukia."

Mwasiti alisikia jina lile likiingia katika nyumba ya mama yake, akaikaza mbeleko mgongoni.

"Nyie wote mlikuwa hamjui," alisema Shamsa, machozi yamemkauka mashavuni. "Mimi nilisema, mkaniambia ninyamaze. Nikasema tena. Je, ningenyamaza ingekuwaje?"

Shamsa akavuta kamasi. "Kwa hiyo Devota," alisema. Maalimu mkekani akakohoa.

Bi Hadija alianza kusema kitu, lakini Idrisa akamkatiza, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Bibi, kuna kingine. Mama alitaka kuruka. Mimi niko nyuma yake, niliona miguu imetoka kwenye pedali. Nikajua anaruka na mtoto, na sisi tunaenda korongoni. Hakuruka." Akainama, akaanza kuchezea kile kitambaa cha unyayo. "Nilitaka tu mjue."

Swalehe aligeuka kumtazama mkewe. Alikuwa hajui.

"Basi na mama mtu ana dai lake," alisema Bi Hadija.

"Mimi ndiye niliyeapa, Mama," Mwasiti alijibu. "Nikijipa mwenyewe itakuwa nimewadanganya."

"Uliapa kwamba atakayewafikisha. Hukusema isipokuwa wewe."

"Hata hivyo kazi yake ilikuwa kukaa," alisema Swalehe, kisha akaona aibu. "Simaanishi hivyo. Kukaa pale kulikuwa kazi. Ila, Mama Idrisa, mbona hukuwahi kusema kama una jina?"

"Mliniuliza lini?"

Maalimu ameshainua mikono kwa dua, wasikilizaji wangu, na dua inahitaji jina. Mbuzi analia uani. Mwasiti amesimama katikati ya chumba, mtoto ameshushwa kifuani. Akimpa Swalehe, mikono iliyosahau breki itakuwa imelipwa kwa kusahau. Akimpa Shamsa, atakuwa amelipa macho ambayo yeye mwenyewe aliyaambia yanyamaze, na mtoto ataishi na jina la biskuti. Akimpa Idrisa, atakuwa ametimiza haki ya mguu ulioungua, na kesho alfajiri itabidi afungue kinywa na kusema Rukia. Akijipa yeye, litatoka lile jina la kifuani ambalo hakuna aliyelisikia bado, na watatu wale watatoka mikono mitupu.

Ahadi ameitoa, hawezi kuirudisha. Ananitazama mimi, na mimi nawatazama nyinyi. Haya, wewe uliye karibu na mlango, na wewe ambaye mguu wako haujatulia tangu tuanze: ni nani aliyewafikisha? Mtoto amefumbua macho. Mngemwitaje?