Kijiko Kikavu cha Nyumba ya Kina Vadgama

Hivi mnadhani ni kwa nini katika nyumba ya kina Vadgama, pale Tanga, mwanamume haonji achari mpaka akaushe kijiko mbele ya wanawake? Usafi? Mmemwona wapi mwanamume akianza usafi kwa hiari yake?

Zamani haikuwa hivyo. Vizazi vinne viliishi chini ya paa moja, na mtungi wa achari ya maembe ulikaa rafu ya juu kama mungu mdogo. Mwanamke aliye katika siku zake hakuruhusiwa kuugusa. Walisema kivuli chake tu kinaozesha. Wanaume walichota watakavyo.

Mwaka ule Kokila, mke mpya wa mjukuu, aliukuta mtungi umeota ukungu. Kwa kuwa yeye ndiye aliyesema, yeye ndiye aliyelaumiwa. Bibi Jivkor, ambaye wote walimwita Ba, alimuuliza neno moja tu: "Uko kwenye siku zako?" Kokila akajibu ndiyo. Kesi ikaisha. Akapewa sahani ya bati akalie baraza ya nyuma, na mtungi ukatolewa ukawekwa hukohuko, najisi kwa najisi. Wakubwa wakaanza kupanga kumrudisha kwao Korogwe. Mumewe Harshad alimnong'oneza, "Vumilia tu." Akavumilia siku saba, hasira ikimchemka kama samli sufuriani, na siku saba hizo hakuwa na cha kutazama ila mtungi.

Siku ya nane, wote wakiwa wanakula mchana, aliingia nao akautua mezani, katikati ya sahani zao.

"Kokila! Shika adabu!" Ba alifoka.

"Nimeishika siku saba, Ba, mikono imechoka. Tazama chini ya ukungu. Wali. Wali na mtindi, vimeingia na kijiko kibichi! Mimi na siku zangu tunapika wali humu ndani? Nani hula achari kwa wali na mtindi nyumba hii?"

Hakuna aliyethubutu kumtazama Mzee Tribhovan, babu wa wote, na ndivyo kila mtu alivyojua. Kijiko chake kilikuwa nusu ya njia kwenda mdomoni, kinadondosha mtindi.

Na tangu siku hiyo, msimu wa maembe ukifika, mtungi mpya haufunguliwi mpaka mwanamume mkubwa kuliko wote asimame, akaushe kijiko, na kuyarudia kwa sauti maneno ambayo mzee aliyatoa mchana ule, mbele ya mke wa mjukuu wake:

"Ni mimi. Nilijua ni mimi, nikakuacha ulie barazani."