Sikio la Nyenje

Waliosema usilolijua ni usiku wa giza hawakuwalenga wajinga peke yao. Giza hilo humfika hata aliyesoma akabobea, na huenda yeye ndiye anayejikwaa vibaya zaidi, kwa kuwa hutembea kwa haraka akidhani anaiona njia.

Mtafiti mmoja, mama wa makamo, aliutumia ujana wake kuchunguza nyenje, hata wenzake katika taasisi wakambandika jina la Bi Nyenje. Alitaka kujua jinsi jike anavyomtambua dume anayemwimbia kwa kusugua mbawa. Masikio ya nyenje yako kwenye miguu ya mbele, chini kidogo ya goti. Bi Nyenje alikuwa akichomeka sindano nyembamba kuliko unywele kwenye neva ya jike, kisha anacheza wimbo wa dume. Neva ikiitika, spika iliyounganishwa nayo ilialika kama punje za mahindi zinazopasuka kikaangoni. Mlio huo ndio uliompa jina na heshima.

Ghafla neva zikaanza kunyamaza. Wimbo unaendelea, jike ni mzima, lakini spika iko kimya kama maji mtungini. Kitambo kidogo neva huitika, kisha kimya tena. Alibadilisha sindano, akabadilisha nyaya, akabadilisha nyenje wenyewe. Wapi! Akawa kama mtu aliyeamshwa usingizini katika nyumba asiyoijua.

Fundi wa mitambo ya maabara alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mtu mpole asiyejua kujigamba. Matatizo yalianza mara tu alipotengeneza mtambo wa kukuza mlio. Bi Nyenje aliyaunganisha mambo hayo mawili, akaona amepata jawabu.

"Shemeji, kama kazi imekushinda, sema," alimwambia mbele ya wanafunzi. "Usiniharibie utafiti."

"Mtambo ni mzima, nimeupima," fundi alijibu. "Tatizo silijui, ila haliko humo."

Kwa Bi Nyenje, neno "silijui" lilikuwa sawa na kukiri kosa. Alikwenda kwa mkurugenzi, na fundi akasimamishwa kazi. Nyumbani nako kukaingia baridi. Mumewe hakujua amtetee mke au ndugu. Mama mkwe, aliyezoea kupiga simu kumtania kwamba anawajua wadudu kuliko wajukuu, aliacha kupiga.

Fundi mwingine akaletwa. Neva ziliendelea kunyamaza vilevile.

Hapo Bi Nyenje alichanganyikiwa kabisa. Alibeba mtambo, spika na nyenje wake akavipeleka nyumbani, akavipanga juu ya meza ya sebuleni. Neva iliitika kutwa nzima bila kukatika. Mumewe alichungulia mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini kama mtambo ule si ndio uliotengenezwa na mdogo wake. Bi Nyenje aliinama, akaizima spika.

Kumbe lawama ilikuwa ya chumba! Aliporudi maabara alipekua kila pembe bila kupata kitu, akaingia hadi stoo ya jirani. Huko aliona kidude kimechomekwa ukutani. Mtunza stoo alimweleza bila wasiwasi kwamba kinafukuza panya, kwa kutoa, kwa vipindi, sauti kali mno ambayo binadamu haisikii.

"Si wewe uliyelalamika kwamba panya wanakula nyaya zako?" alimkumbusha. "Nikakuwekea, siku zilezile fundi alipotengeneza mtambo wako."

Alikichomoa, neva ikaitika. Alikirudisha, ikanyamaza. Ndipo alipoelewa. Popo akiwinda hutoa sauti ya namna ile, na jike akiisikia huacha kusikiliza mapenzi akasikiliza mauti. Miaka yote Bi Nyenje aliuliza nyenje anasikiaje, asiulize hata mara moja ni nini kinachomzuia kusikia. Alikuwa amegundua jambo kubwa kuliko yote aliyowahi kugundua, na hakujua acheke au alie.

Alimkuta shemeji yake kibarazani kwake akitengeneza redio ya jirani. Akamsimulia yote bila kuficha. Alimwomba radhi, akaahidi kuyarudia maneno hayo mbele ya wanafunzi walewale, akamwarifu kwamba mkurugenzi anamsubiri. Fundi aliweka bisibisi chini, akafikiri.

"Kwa hiyo popo akilia, wimbo wa dume haupo tena?"

"Upo," alisema Bi Nyenje. "Haumfikii tu."

Fundi aliitazama redio iliyofunguliwa mbele yake.

"Nitarudi kazini," alisema hatimaye. "Lakini usiniulize kama yamekwisha, shemeji. Hata mimi sijui."

Bi Nyenje alibaki amesimama, asijue akae au aage. Mtu aliyesoma neva ya mdudu mdogo kama yule alishindwa kusoma uso wa ndugu aliyekuwa mbele yake, na hakuwa na sindano ya kumchomeka. Hakika, usilolijua ni usiku wa giza.