Mama Nungunungu na Tuta la Kijito

Paukwa!

Pakawa!

Mbona sauti za wagonjwa? Paukwa tena!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale palikuwa na kijito, na kijito hicho kilikuwa kilafi. Kila masika kilikula kingo zake. Leo pu! Kesho pu! Nyumba ya Ngiri ikaenda. Ya Mhanga ikaenda. Zikabaki hatua nne tu kifike shimoni kwa Mama Nungunungu, mjane mwenye watoto wawili.

Mama Nungunungu akaitisha msaragambo, kazi ya pamoja ya majirani. "Jamani, tuweke tuta la udongo, maji yapunguze mbio." Wakaja. Mhanga akachimba udongo wa mfinyanzi, Ngiri akausomba, Nyati akaushindilia kwa kwato. Tabaka moja, ndi! ndi! ndi! Tabaka jingine, ndi! ndi! ndi! Tuta likapanda, toka ukingo huu hadi ule.

"Mzee Nyati," akasema Mama Nungunungu, "hapa pembeni tuache njia. Maji yakizidi yapite."

"Ebo! Sisi tunayazuia, wewe unayafungulia mlango?"

Wakacheka, kwa kwa kwa! Mama Nungunungu akaona haya, akanyamaza. Alikosea hapo, nawaambia kweli.

Mvua ikaja. Siku ya kwanza tuta likashika, wakacheza ngoma. Siku ya tatu maji yakakaribia ukingo wa juu. Tuta likikatika yatashuka kwa mkupuo, na bonde zima litakwenda.

"Tufanyeje?" Nyati akauliza.

Mama Nungunungu akatazama shimo lake. Lilipita kwenye mawe magumu kando ya tuta, mlango mmoja upande maji yanakotoka, wa pili upande yanakokwenda. Alilichimba na marehemu mumewe. Moyo ukamuuma, ukamuuma sana. Akawapeleka watoto mlimani, akarudi, akachimba mfereji toka majini hadi mlangoni kwake. Kwaru! Kwaru! Maji yakaingia shimoni, yakatokea chini, taratibu, yakaenda zake. Tuta likabaki zima.

Nyati akaja, kichwa chini. "Mama, nilikucheka. Nisamehe."

"Nimekusamehe, mzee wangu. Ila nyumba sina."

Wakamchimbia nyingine, nzuri tu. Lakini kila masika Mama Nungunungu hushuka pale, akakaa, akayatazama maji yanavyopita sebuleni kwake.

Basi wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojifanya hamsikii: anayesema la maana msimcheke, na wewe unayelijua usinyamaze. Hadithi yangu imekomea hapo. Nipisheni ninyooshe miguu.